Eti mwanasheria ndo anafaa Bungeni?

Wadau, jana hapa hosteli Tabora nimebishana na mshkaji wangu mpaka umeme ukakatika. Yeye anasema jimbo likipata mgombea mwanasheria, wengine wakae pembeni. Nakataa!

Twende Urambo hapo jirani, kwenye njia ya misafara ya Ujiji, ile aliyoifunga Mirambo mwaka 1871. Mwaka 2005 Samuel Sitta, mwanasheria, aligombea Urambo Mashariki kwa CCM, akashinda, akawa Spika. Mwaka 2008 akaacha ripoti ya Richmond ya kamati ya Mwakyembe (naye mwanasheria) ijadiliwe hadharani, na Waziri Mkuu Lowassa, wa chama chake mwenyewe, akajiuzulu. Hapo nampa tano.

Haya, 2014. Sitta huyohuyo, sheria zilezile kichwani, yuko kwenye kiti cha Bunge Maalum la Katiba. Aprili UKAWA wanatoka nje. Yeye anaendelea na waliobaki, serikali tatu za Tume ya Jaji Warioba zinatupwa, Oktoba wanapitisha yao. Kura ya maoni mpaka leo hatujaiona. Sasa shahada ya sheria ilienda wapi?

Katiba ibara ya 67 yenyewe haidai shahada: miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na upendekezwe na chama. Kwenye chama ndo kwenye kazi. Mgombea akija na joho lake mi namuuliza: chama chako kikikosea, utakaa upande gani?

Halafu 2015 Urambo ilimchagua Margaret Sitta, mwalimu. Mshkaji hilo hajanijibu, kanuna tu.