WANUNUZI WAWILI, MUUZAJI NI YULE YULE

Katika mkutano wa tawi kijana mmoja alisimama na karatasi mkononi. Akasema Uchina sasa inanunua vipande vya miti kuliko Japani, basi na sisi tukate, tusage, tupakie melini. Alipigiwa makofi. Sisi hatukupiga, maana tulitaka kuisoma karatasi ile kwanza.

Ni kweli Japani ilitangulia. Tangu miaka ya 1960 imeleta meli zilizoundwa kwa kazi hiyo moja tu, kuchukua vipande vya miti kwa ajili ya viwanda vyake vya karatasi. Ilinunua Marekani, Australia, na Afrika ya Kusini pia. Kwa miaka mingi hapakuwa na mnunuzi wa kuifikia. Uchina nayo ilikuwa muuzaji, tena ikiiuzia Japani yenyewe! Mwaka 2008 ununuzi wake haukufika tani milioni 2. Kufikia mwaka 2017 ulikuwa umepita tani milioni 10, na sasa Japani imeachwa nyuma.

Lakini tani za namna gani? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Hesabu hizo ni za mti mkavu kabisa, usio na maji hata tone. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Anayechukua tani mbichi za nchi moja akazilinganisha na tani kavu za nchi nyingine, amepima pishi kwa kibaba. Sisi tuliofundishwa ualimu tungempa mtoto huyo sifuri.

Tena tazameni walivyo hao wanunuzi. Theluthi mbili ya ardhi ya Japani ni misitu. Uchina, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998, ilianza kuzuia ukataji wa misitu yake ya asili, huku ikijenga viwanda vikubwa pwani. Msitu umebaki kwao, kiwanda kiko kwao, na karatasi inatoka kwao. Mnunuzi wa kwanza amepitwa na wa pili, lakini anayeuza mti mbichi hajapanda ngazi hata moja.

Vietnam ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa kupita wote. Wakulima wake wadogo hupanda mikesia na kuikata ikingali michanga, kwa sababu hawawezi kungoja ikomae iwe mbao za samani zenye bei. Serikali yao iliona hasara hiyo, na mwaka 2016 ikaanza kutoza ushuru vipande vinavyotoka nje.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Mufindi hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Je, tulipe mafuta ya lori kusafirisha maji yaliyomo ndani ya mti? Na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko pale pale, kati ya misitu. Mkulima wa Njombe mwenye ekari zake mbili za misindano hana haja ya kuambiwa habari za meli. Anataka kujua kwa nini dalali humpangia bei shambani, mti ukiwa umesimama, wala hakuna anayeupima.

Kijana wetu tumemwomba aje tena Jumamosi. Safari hii alete bei ya mti shambani na bei ya karatasi dukani, aziandike ubaoni pamoja.