Shule Mpya Mtaani na Uamuzi wa Mzazi

Siku hizi si ajabu mtu kupita njia yake ya kila siku akakuta bango jipya limesimamishwa: shule imefunguliwa. Juzi hapo palikuwa na nyumba ya kupangisha. Leo pana ukuta wa rangi ya samawati na manjano, picha ya simba, herufi kubwa za Kizungu, na gari dogo lenye jina la shule ubavuni. Mwenyewe hupita nyumba hata nyumba akigawa makaratasi. Karo ya muhula wa kwanza imepunguzwa, sare ni bure kwa watakaowahi. Nao wazazi huanza kuulizana vibarazani, wewe umeamuaje?

Wako watakaosema jambo hili ni la ukurasa wa elimu, si la utamaduni. Mimi nasema ni la hapa hapa, maana shule imechukua kazi nyingi zilizokuwa za jando, za chuoni na za bibi, na anayemchagulia mtoto shule humchagulia pia watu wa kumlea.

Kwanza tusiwalaumu bure wazazi wanaozikimbia shule za serikali. Desemba 1973 Mzee Kenyatta alitangaza kwamba karo iondolewe kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, lakini haukupita muda mrefu wazazi wakaanza kutozwa fedha za majengo. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaondoa karo katika shule zote za msingi na kuahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka huo mmoja. Lilikuwa jambo la heri, na wengi waliokuwa wakichunga mbuzi au kuuza njugu walipata kushika kalamu. Walakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na mwalimu aliyezoea watoto arobaini akajikuta na themanini. Hapo ndipo shule za kibinafsi zilipopata soko.

Nami jambo hili limenifikia mlangoni. Binti yangu ametimiza miaka sita, na Januari ataingia Gredi ya Kwanza. Shule ya serikali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hiyo mpya iko uchochoro wa tatu kutoka nyumbani kwetu, hapa Kisauni. Mama yake anaitaka ile mpya, na hoja yake si ya maringo. Asema mtoto wetu ni mpole, hanyanyui mkono, na katika darasa la watoto themanini atakaa nyuma mwaka mzima bila ya mtu kujua kama ajua kusoma au hajui. Sikuwa na jibu, nikaamua kwenda kujionea.

Mwenye shule alinipokea kwa heshima, akaniita mzee, akaagiza chai. Nilimwuliza cheti cha usajili, akasema maombi yako ofisini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtu kufundisha kwanza na kusajiliwa baadaye. Nilimwuliza kama walimu wake wamesajiliwa na TSC, kwani sheria yataka hivyo hata kwa mwalimu wa shule ya kibinafsi. Wawili wamesajiliwa, watatu bado. Kisha nikapanda ngazi, maana tangu Septemba 2019, jengo la shule moja ya kibinafsi lilipoporomoka Ngando, Nairobi, na kuua watoto wasiopungua saba, mimi siingii shule ya orofa bila ya kuitazama ngazi. Ngazi ni moja, nyembamba. Vyoo ni safi, hilo nalikiri.

Yafaa niseme pia lililonivutia. Darasa la kwanza lina watoto kumi na wanane, na mwalimu wao ni binti kijana ajuaye kazi yake. Nilimwona amechutama karibu na mtoto asiyeweza kushika penseli, akamshika mkono bila ya kumkaripia. Mama yake angeliona hilo, mjadala wetu ungekwisha siku hiyo hiyo.

Lakini mshahara wa binti huyo watoka katika karo peke yake. Karo ikichelewa, mshahara huchelewa, na mwalimu mwema hapati shida kupata kazi pengine. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi bila ya senti, na baadhi ya shule hizo hazikufunguliwa tena. Shule yenye umri wa muhula mmoja ina akiba gani?

Lililonikaa moyoni zaidi lilikuwa limeandikwa ukutani. Lugha ya shule ni Kiingereza peke yake, na mtoto atakayesikika akisema Kiswahili atavikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenziwe. Wazee wetu wanakijua kibao hicho tangu enzi za mkoloni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986. Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na mtaala wa umilisi ulioanza 2019 unashika njia hiyo hiyo. Hapa Mombasa, lugha ya mahali petu ni ipi kama si Kiswahili?

Nilimwuliza mwenye shule. Akatabasamu, akasema: "Mzee, nikikiondoa kibao, wazazi watauliza wanalipia nini."

Hapo alisema kweli tupu. Sisi ndio tunaokinunua kibao hicho. Mimi sikipingi Kiingereza, na binti yangu sharti akijue vizuri. Lakini mtoto wa miaka sita asiyeelewa swali hawezi kulijibu, na akiadhibiwa kwa maneno aliyofunzwa na mamake, atajifunza kunyamaza, nasi twajua tayari kwamba wetu ni mnyamavu.

Basi nimeamua aende shule ya serikali. Fedha ambazo zingekuwa karo zitanunua vitabu vya hadithi, vya lugha zote mbili, na kila jioni baada ya magharibi atanisomea ukurasa mmoja. Kila mwisho wa mwezi nitakwenda kumwona mwalimu wake, awe na watoto themanini au mia, apate kuijua sura yangu na jina la mwanangu.

Mama yake amekubali kwa mwaka mmoja tu. Ameniambia kwamba Januari itakayofuata atakwenda mwenyewe uchochoro wa tatu, kutazama kama cheti kimetundikwa, kama kile kibao kingalipo, na kama yule binti wa darasa la kwanza bado yupo.