Mgeni Mwenye Jembe

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema lolote juu ya mgeni aliyepewa jembe siku ya kwanza, akalima miaka mitatu mfululizo, na bado akaitwa mgeni. Huyo ndiye ninayependa tumzungumze leo, ndugu msomaji, kwa maana amejaa maofisini, mashuleni na katika hospitali zetu, hasa zile zilizoko mipakani mwa nchi.

Tuzitazame wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara mjini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na kijana wa Lindi au Pangani anapopata barua ya kupangiwa kazi huko, jamaa zake humwaga kana kwamba anavuka bahari. Akifika hukuta vilima, baridi ya alfajiri, na ndizi zilizopikwa kwa maharage. Sokoni husikia Kihangaza na Kishubi. Akipelekwa Biharamulo atawasikia pia Wazinza na Wasukuma wakiongea lugha zao. Mchana ana kazi, kwa hiyo hana neno. Taabu huanza jioni, wenzake wanapokwenda makwao naye akarudi katika chumba cha kupanga, mkewe na watoto wakiwa upande mwingine wa nchi.

Ugeni wenyewe haukuanza leo katika sehemu hizo. Enzi za ukoloni wanaume wa Ngara walikwenda Uganda kwa miguu, kutafuta kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa, wakaonja huko kuitwa watu wa kuja. Baadaye dunia nzima ikaja Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benako, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Nyuma yao yakafuata mashirika ya misaada na wafanyakazi wa kila taifa. Kule Biharamulo mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa. Nao ulivuta watu wa mikoa mingi. Na katika maporomoko ya Rusumo, nchi tatu zimejenga pamoja mtambo wa umeme wa megawati 80. Ni sehemu chache za nchi yetu ambazo zimezoea hivyo kuwaona watu wa mbali wakifanya kazi bega kwa bega.

Lakini yupo mgeni wa pili, ambaye hali yake hunisikitisha zaidi. Huyu ni mwenyeji. Kihangaza kinakaribiana mno na Kirundi na Kinyarwanda, na kwa ajili hiyo karani aliyezaliwa Ngara, akasoma Ngara, na babu zake wote wamezikwa Ngara, huweza kuitwa “Mrundi” na wenzake wa ofisi moja, kisha kicheko kikafuata. Mwambie anayecheka kwamba anakosea, atakujibu kuwa huo ni utani tu. La hasha! Utani tunaujua. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana kwa sababu kila mmoja ana lake la kumrudishia mwenzake, na siku ya msiba mtani ndiye wa kwanza kuingia matangani. Neno ambalo mmoja hulitupa na mwingine hulimeza haliwezi kuitwa utani. Tena tangu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ambapo watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliondolewa katika mikoa ya mipakani, na miongoni mwao wakiwamo waliokwisha kuishi humo miaka mingi, neno hilo limekuwa na makali. Anayeambiwa hulala akiwaza vyeti vyake.

Mtu wa namna hii afanyeje? Peke yake hawezi kwenda kwa mkuu wa kazi kushtaki kicheko. Ataonekana mwenye hasira za bure. Lakini wakiwapo watano au kumi wenye kuguswa na jambo hilo, wakakaa, wakalipima na kulipeleka kwa adabu, linakuwa jambo la ofisi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya vikundi vya wafanyakazi, nami naiona kubwa kuliko ile ya kukopeshana fedha.

Vikundi hivyo vina historia ndefu kwetu. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, waliochukuliwa na kazi mbali na kwao, walipata mahali pa kukutana kama watu wa daraja moja. Mwaka 1970 ukatolewa Waraka wa Rais Namba 1, ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka huo huo, katika kampuni ya Xerox huko Marekani, wafanyakazi weusi walikuwa wakijikusanya kujadili jinsi walivyokuwa wakitupwa nyuma kazini, na makampuni mengi ya huko yaliiga baadaye. Baraza letu lilikusudiwa kuwasemea wafanyakazi wote kwa jumla. Kikundi cha Xerox kilikuwa cha wale ambao wakichanganywa katika jumla husahauliwa. Kwa maoni yangu sehemu ya kazi inahitaji vyote viwili.

Tumchukue muuguzi kijana aliyejifungua, akarudi zamu mtoto angali mchanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni wangapi wanaoijua? Wenzake watatu waliokwisha kulea wakimkalisha chini na kumweleza, kisha wakapanga zamu ili pasiwe na wodi iliyoachwa wazi, sheria hiyo itakuwa imefika Ngara. Hali kadhalika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kumwajiri mtu huyo ni hatua ya kwanza tu. Anayejua kwamba kizingiti cha mlango wa masjala kinamzuia mwenye gari la magurudumu ni yeye mwenyewe, na hatakisema kama hana wa kumsikiliza.

Sasa niseme na ubaya. Vikundi vyetu vingi huamshwa na jeneza. Chama cha kufa na kuzikana kitamsindikiza marehemu hadi Songea kwa gharama kubwa, watu wakilia kwa dhati, ilhali marehemu huyo alikula peke yake miaka miwili na hakuna aliyepata kumwalika. Vingine hukutania kilabuni, penye pombe ya ndizi, na hapo hapo vimekwisha kuwaacha nje mama mwenye mtoto mgongoni, Mwislamu, na Mlokole. Viko pia vile vya watu wa mkoa mmoja. Kuwa na jamaa wa kwenu ugenini si dhambi, lakini wakianza kupeana vyeo na safari za posho, hicho si kikundi tena, ni genge.

Halafu wapo walinzi na wafagizi walioletwa na wakandarasi. Hawa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, wanatujua kwa majina, nasi twawaita “wewe wa getini.” Hawamo katika daftari la ofisi, basi hawamo katika kikundi, na wakifiwa hakuna mchango unaopitishwa. Sioni sababu ya maana. Mchango wa shilingi chache hauulizi mshahara wako unalipwa na nani.

Mwenye nia ya kuanza asingoje semina. Atafute wenzake wanne, wasiwe wa kabila moja wala wa idara moja, wachague mweka hazina asiyekuwa mkubwa wa wengine kazini, na waandike kila senti. Wamwombe mkuu wa kazi nusu saa ya Ijumaa kabla ya ofisi kufungwa, ili anayewahi watoto nyumbani asikose, na barua ya kuombea nafasi hiyo iwe na majina yao yote, la mlinzi likiwamo.