Sitiari ya Askari na Saratani ya Tumbo

Tangu miaka ya kampeni dhidi ya UKIMWI, Kiswahili cha afya kimetuzoeza kuziita chembechembe nyeupe za damu "askari wa mwili". Sitiari hiyo ilifaa: virusi ni adui, na askari wakipungua mwili huvamiwa. Katika saratani ya tumbo, hata hivyo, naiona inapotosha. (Neno "tumbo" lenyewe ni pana mno, mkunga na daktari wa upasuaji hawalitumii kwa maana moja.)

Uvimbe ukishakatwa, mtaalamu wa maabara huweza kuchunguza kwa hadubini chembe za kinga zilizojipenyeza ndani yake. Kwa mantiki ya sitiari yetu, askari wakiwa wengi, mgonjwa afurahi. La hasha! Kinachozingatiwa ni aina ya chembe, mahali zilipo na kazi zifanyazo. Chembe za T zenye alama ya CD8, ambazo huua chembe za saratani, zikiwa tele ndani ya uvimbe, aghalabu mgonjwa hutarajiwa kuishi muda mrefu zaidi. Makrofaji nazo huweza kugeuzwa na uvimbe wenyewe, zikausaidia kuota mishipa ya damu na kuzizuia chembe za CD8. Isitoshe, hao "askari" wakipambana miaka na mikaka na bakteria wa Helicobacter pylori, huujeruhi utando wa tumbo, na majeraha hayo huweza kuwa chanzo cha saratani. Askari gani huyu anayebomoa boma alilinde?

Basi mgonjwa anayeambiwa kwamba uvimbe wake "umejaa askari" aelewe nini: atumaini au aandike wosia? Sisi tunaochambua sitiari za washairi kwa makini hatuna budi kuzichambua za zahanati pia, kwani hizi ndizo ambazo mtu huzitegemea anapoamua kukubali matibabu au kurudi nyumbani.

Napendekeza istilahi zitaje kazi badala ya cheo. Za CD8 ziitwe "chembe uaji". Zile chembe za T zinazopunguza makali ya kinga ziitwe "chembe tulizi", ingawa istilahi hii ya pili bado hainiridhishi: msikilizaji aweza kudhani kwamba panapotulia pamepona, ilhali ndani ya uvimbe utulivu huo ndio unaoipa saratani nafasi ya kukua.