Shule ya wapangaji wa San Lorenzo



Ndugu msomaji, katika miji yetu siku hizi si rahisi kupita mitaa miwili mitatu bila kukutana na ubao ulioandikwa neno Montessori. Neno hilo limegeuka kuwa alama ya bei. Mzazi akilisoma hujua mapema kwamba ada itakuwa kubwa, sare itakuwa ya mshonaji maalumu, na mtoto atachukuliwa nyumbani kwa gari asubuhi na kurudishwa jioni. Na sasa kamati za misikiti zinapoanza kuzungumzia kufungua shule za awali kwa ajili ya watoto wa waumini, swali linalotangulia huwa ni hilo hilo: vifaa vya Montessori vinauzwa wapi, na kwa fedha ngapi?

Naona swali hilo limeanza mwisho. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa ya watoto wa vibarua na wafua nguo, haikutoza ada, na ilifunguliwa chini ya paa lile lile walilolala wazazi wao. Historia yake inafaa kusomwa na kamati yoyote kabla haijapiga hesabu ya mbao.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, zama ambazo mwanamke daktari alikuwa jambo la kustaajabisha nchini humo. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa miongoni mwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakifungiwa pamoja na watu wazima katika hospitali za wagonjwa wa akili. Aliyasoma maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushika na kupanga kwa mikono, na baadhi ya watoto wale wakafaulu mtihani sawa na wenzao wa shule za kawaida. Watu walishangilia. Yeye alibaki na swali lisilopendeza: ikiwa hawa wameweza, basi watoto wazima wanafanywa nini huko shuleni mpaka wakawa sawa nao?

Jibu alilipata San Lorenzo. Mtaa huo uko nje kidogo ya kuta za kale za Roma, karibu na reli na makaburi makubwa ya mji. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara walijenga huko kwa pupa, kisha fedha zikakatika, na majengo ya ghorofa yakaachwa bila kumalizika. Maskini wakahamia humo. Aliyepanga chumba alikipangisha tena kwa mwingine, naye akakigawa kwa wa tatu, hata familia kadhaa zikawa zinalala mahali palipopimwa kwa familia moja. Baadaye taasisi moja ya majumba, Istituto Romano di Beni Stabili, chini ya mkurugenzi wake Edoardo Talamo, ilianza kuyanunua na kuyatengeneza majengo hayo, kisha ikapangisha kwa watu wenye kazi.

Hapo likazuka tatizo ambalo mama yeyote wa mjini atalielewa. Baba na mama wote walikwenda kazini. Watoto wakubwa walikuwa shuleni. Waliobaki ni wadogo wa miaka mitatu hadi sita, wakizunguka ngazini siku nzima, wakichora na kukwaruza kuta zilizokwisha kupakwa chokaa mpya. Talamo akapiga hesabu, akaona ni nafuu kumlipa mtu wa kuwakusanya watoto katika chumba kimoja kuliko kupaka chokaa kila mara. Tuseme wazi: mwenye nyumba alianza kwa kuzihurumia kuta zake. Sioni aibu katika hilo, maana mambo mengi ya heri huanza na sababu ndogo kuliko matokeo yake.

Montessori aliombwa asimamie, akakubali. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kilifunguliwa katika jengo la Via dei Marsi namba 58, kikiwa na watoto wapatao 50. Kilipewa jina la Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto. Mwanamke aliyewekwa kuwaangalia hakuwa amesomea ualimu, na Montessori mwenyewe aliona hilo kuwa faida, kwani hakuwa na mazoea ya kuyasahau. Samani za mwanzo zilikuwa chache na za kiofisi. Viti vidogo na meza nyepesi ambazo mtoto aweza kuzibeba mwenyewe vilikuja baadaye.

Yaliyoonekana humo yamesimuliwa sana, nami nitayapita kwa haraka. Binti wa miaka mitatu hivi alikaa akichomeka vipande vya mbao katika matundu yake na kuvitoa, akarudia zaidi ya mara 40, wenzake wakiimba pembeni yake bila yeye kuinua kichwa. Siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati, akakuta watoto wameshajichagulia vifaa na kuanza kazi, na tangu hapo makabati yakawa mafupi na hayafungwi. Wanasesere wazuri walioletwa na matajiri wa mjini walibaki pembeni. Medali za tuzo hazikumshughulisha mtu.

Jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha ni nafasi ya kina mama. Montessori hakuwa na nia ya kuwafundisha watoto wadogo kiasi kile kusoma wala kuandika. Wataalamu wengi wa wakati ule waliona kuwa ni mapema mno, naye hakuwa na haraka. Waliokuja kumwomba ni akina mama wa jengo lile, wenyewe hawajui kusoma, wakasema watoto wao waongezewe herufi. Alisitasita, kisha akakubali. Akataka kuchongewa herufi nzuri za mbao kama alizokuwa nazo zamani, asipate fundi. Ndipo akakata herufi za karatasi ya msasa, akazibandika juu ya kadi, mtoto akawa anazipapasa kwa vidole huku akitamka sauti yake. Herufi za msasa ambazo leo zinauzwa kwa bei ya kutisha katika maduka ya vifaa vya shule zilizaliwa kwa sababu fundi wa mbao hakupatikana.

Siku moja ya jua katika Desemba ya mwaka huo, walipokuwa juu ya paa la jengo, Montessori alimpa chaki kijana wa miaka mitano na kumwambia achore dohani iliyokuwa mbele yao. Mtoto akachora. Kisha akapaza sauti kwamba anaweza kuandika, akainama, akaandika sakafuni neno la Kitaliano lenye maana ya mkono, akaendelea na dohani, akaendelea na paa. Wenzake wakamzunguka wakiomba chaki. Mtoto yule alikuwa wa kina mama waliopanda ngazi kwenda kuomba.

Sasa tuje kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo kwangu ndiyo roho ya shule ile. Yalikuwa masharti. Yalisema kwamba nyumba hii ni kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hulazimika kutoka kwenda kazini, na kwamba hakuna malipo yoyote. Badala ya fedha, mzazi alitakiwa kuleta mtoto aliyeoga na mwenye nguo safi, kumheshimu mwalimu na kushirikiana naye katika malezi, na walau mara moja kwa juma kina mama wawe na nafasi ya kuzungumza naye juu ya mwenendo wa mtoto nyumbani na shuleni. Mwalimu naye alitakiwa kukaa katika jengo hilo hilo. Hakuwa mgeni anayeshuka kwenye basi saa mbili na kupanda basi la saa tisa. Alikuwa jirani, walikutana naye ngazini, walimsikia akikohoa usiku.

Kulikuwa na kifungu kikali pia. Mtoto angeweza kuondolewa ikiwa analetwa mchafu, ikiwa hatengenezeki, au ikiwa wazazi wake wanamvunjia heshima mwalimu na kuiharibu kazi yake kwa mwenendo mbaya. Kifungu hiki sikikubali chote. Kumfukuza mtoto wa miaka minne kwa sababu mama yake hakupata maji ni kumwadhibu asiyeandikiwa dhambi, na kamati ya msikiti inayotaka kuiga masharti hayo ingefanya vyema kuweka badala yake mtu wa kwenda kugonga mlango wa mama huyo na kumuuliza kulikoni. Lakini msingi wa kifungu naukubali. Elimu hii ilikuwa mkataba wa pande mbili, na mzazi maskini aliheshimiwa kiasi cha kudaiwa kitu.

Na nani aliyelipa? Hapa Montessori alikuwa na hoja aliyoieleza katika hotuba yake ya mwaka 1907, wakati wa kufunguliwa kwa shule ya pili. Fedha za shule zilitoka katika zile ambazo mwenye nyumba angezitumia kutengeneza uharibifu. Kwa kuwa wapangaji ndio waliolitunza jengo, basi wapangaji ndio walioilipia shule. Kwa hiyo mama alipoingia chumbani humo hakuwa anapokea sadaka, alikuwa anaingia mahali pake. Inasimuliwa kuwa vyungu vya maua vilianza kuonekana madirishani, na watoto wakawa wanawahimiza wazazi wao wanawe mikono.

Habari zilisambaa upesi mno. Shule ya pili ilifunguliwa San Lorenzo tarehe 7 Aprili 1907. Mwaka 1908 ikafuata ya Milan, katika majengo ya wafanyakazi, na mwezi uliofuata nyingine Roma, lakini hii ilikuwa katika mtaa wa watu wa maofisini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, wageni wakafurika kutoka Ulaya na Marekani. Montessori na Talamo wakatofautiana, naye hakudumu San Lorenzo miaka mingi. Njia aliyoigundua kwa watoto wa wafua nguo ikachukuliwa na wenye uwezo. Walichukua vifaa, wakachukua mafunzo ya walimu. Ule mkataba na wapangaji haukusafiri vizuri.

Najua wapo watakaouliza tuna haja gani na daktari Mkatoliki wa Italia. Yeye mwenyewe alikaa India kuanzia 1939 hadi 1946, akawafundisha walimu wa dini mbalimbali, na mwaka 1949 akaendesha mafunzo Karachi. Alifariki Uholanzi mwaka 1952. Lakini kwa mwenye kutaka mfano wa karibu, upo pwani yetu. Katika miaka ya 1980, kwa maombi ya viongozi wa Kiislamu na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zilianza Mombasa shule za awali za madrasa, zikaenea Zanzibar na Uganda. Hazikuwa za Montessori. Lakini jamii ndiyo iliyotoa jengo na kuunda kamati, na wasichana wa mitaa hiyo ndio waliofunzwa ualimu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, vizibo na vitambaa, na Kurani ilisomeshwa humo humo. Bi mkubwa wa San Lorenzo angeingia katika darasa hilo asingepotea.

Kwa hiyo kamati inayokutana baada ya Ijumaa kuzungumzia shule ya awali, ningeiomba iandike masharti yake kwanza, ukurasa mmoja tu, kabla ya kuagiza kitu chochote. Iandike mzazi atatoa nini kisichokuwa fedha: saa za kusafisha, kuchonga, kushona, kupika uji. Iandike ni siku gani ya juma mwalimu atakaa na wazazi, na baba naye awemo, si mama peke yake. Iandike mwalimu ataishi wapi, na kama mshahara wake utamwezesha kuishi mtaani hapo. Na iandike kitakachofanyika siku ambayo mzazi hana cha kutoa.

Juma lijalo, inshaAllah, tutatazama suala hilo la mshahara wa mwalimu wa chekechea wa madrasa, ambalo wasomaji kadhaa wametuandikia. Wabillahi tawfiq.