Kabla ya Mapambo, Tutengeneze Njia ya Kuingilia Nyumbani

Leo hatuzungumzii hina wala singo. Tunazungumzia kokoto.

Sisi tunashonea nyumbani, na wateja wetu wengi ni maharusi. Masika yaliyopita biharusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake, kesho yake ndoa. Kutoka mlangoni kwetu hadi garini ni hatua kama 20 tu, lakini upindo uliburura kwenye tope. Tulikesha tukifua na kupiga pasi, naye analia. Kilichotuuma zaidi, mwaka mmoja nyuma tulimwaga gari zima la kokoto palepale. Zote zimezama.

Kosa lilikuwa letu. Tulidhani mambo ya njia ni ya wanaume, hatukuuliza kitu. Kumbe kumwaga kokoto juu ya udongo laini ni kama kushona shanga nzito kwenye shifoni bila bitana.

Mara ya pili tulimsimamia fundi wenyewe. Aliondoa udongo wa juu kina cha sentimita 20. Akajaza mawe yaliyovunjwa na kifusi kigumu sentimita 15, kwa matabaka mawili, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Juu zikaja kokoto ndogo, sentimita 5 tu, maana zikiwa nene magurudumu na visigino huzama. Chagueni kokoto za kuvunjwa zenye pembe, ndizo zinazoshikana. Pembeni tulipanga mawe makubwa zisitawanyike, na katikati pakanyanyuliwa kidogo ili maji yateremkie mtaroni, si uani kwa jirani. Mchanga wa pwani tusiuguse, ni kinga ya ufukwe wetu.

Njia ya mita 10 kwa upana wa mita 3 inataka mita za ujazo 4.5 za chini na 1.5 za juu, na nyongeza kidogo kwa sababu vitu vikishindiliwa hupungua.

Tunajua mtasema harusi ni mara moja, watu wanatazama jukwaa. Ni kweli, lakini jukwaa linavunjwa usiku uleule. Njia inabaki. Atapita bibi na mkongojo wake, atapita mjamzito anayewahishwa hospitali usiku wa mvua, na siku moja litapita jeneza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Basi njia ya mlangoni kwetu wenyewe je?

Kwa hiyo mama na biharusi, mkikaa na daftari la matumizi, punguzeni maua, wekeni fungu la njia. Na fundi akija kutaja bei, swali la kwanza liwe hili: chini utaweka nini?