Lusanga: sanamu za kakao zanunua udongo. Na sisi wa Mashariki?

Kule Lusanga, jimbo la Kwilu, kuna kikundi cha wasanii ambao wengi wao ni watu wa mashamba ya ngazi na kakao. Wanatengeneza sanamu, sanamu zinauzwa ng'ambo, na makuta yanarudi kijijini kununua udongo na kupanda miti. Kwao, ule msitu unaoota ni kazi ya sanaa sawa na sanamu yenyewe. Kwa mkaaji wa Beni ao Mambasa anayeanika kakao mbele ya nyumba yake, hii habari inamuhusu, hata kama Kwilu ni mbali.

Kikundi kinaitwa CATPC, kilianza mwaka 2014. René Ngongo, aliyekiongoza tangu mwanzo, ni mzaliwa wa Goma. Wengi wanamjua kama mtetezi wa misitu: mwaka 1994 alianzisha shirika OCEAN, na mwaka 2009 akapata tuzo ya Right Livelihood. Ndiyo maana si ajabu kwamba hesabu ya kikundi inafanywa kwa hektari.

Lusanga zamani iliitwa Leverville, jina la Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni. Mwaka 1911 Ubelgiji ulimpa kampuni yake haki ya kutafuta hadi hektari 750.000 za ngazi katika Kongo. Watu walilazimishwa kupanda miti na kukata mikungu, na faida ikaenda Ulaya. Kisha kampuni ikaondoka, ikaacha udongo uliochoka sababu ya kupandwa mti wa aina moja tu miaka na miaka.

Kazi yao inafanyika hivi. Msanii anafinyanga sanamu kwa udongo wa mto. Inapigwa picha za pande zote kwa kompyuta, kisha kule Amsterdam inatengenezwa tena kwa kakao na mafuta ya mawese, yale mazao ambayo mashamba yanatoa. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York. Mwaka 2024 kikundi kilijaza nyumba ya Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya Venise, Italia. Kwa makuta hayo wamenunua karibu hektari 200, na wanachanganya miti ya matunda, chakula na miti ya msitu, ili udongo upone.

Tuangalie hiyo hesabu vizuri. Kilo ya kakao inatoka hapa kwetu kwa bei ambayo mkulima haipangi. Kakao ileile, ikiwa sura ya mtu aliyefinyangwa na mkulima mwenyewe, inalipwa mara nyingi zaidi. Tunda ni lilelile. Kinacholipwa ni hadithi iliyo ndani yake, na mara hii mwenye hadithi amepata fungu lake.

Kuna wanaopinga. Mradi ulianza pamoja na Renzo Martens, msanii wa Uholanzi, na wengine wanauliza kama mzungu hajawa tena mlango wa kupitia. Jumba jeupe la maonyesho lililojengwa Lusanga mwaka 2017, kwa mchoro wa kampuni ya Uholanzi OMA, nalo lilileta maneno mengi. Swali hilo ni la haki. Soko la sanaa liko mbali, na siku wanunuzi wakichoka, hektari mpya zitanunuliwa na nini? Lakini hektari zilizokwisha kupandwa haziondoki na wanunuzi, na hapo CATPC inashinda miradi mingi ya miti tuliyoiona, ile inayokufa pamoja na bajeti.

Kwetu ugumu uko mahali pengine. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuutumia tu. Katika Masisi na Rutshuru, konsesyo za zamani za chai, kahawa na kinini zilipita mikononi mwa watu wakubwa, na wakulima wanakodi kipande kwa msimu mmoja. Nani atapanda mti wa miaka 20 kwenye shamba la miezi 6? Atapanda maharagi. Wasanii Goma na Bukavu wako, mbegu ziko. Msanii ao chama cha wakulima kitakachojaribu njia ya Lusanga kitapaswa kuanzia kwa ofisi ya vyeti vya udongo, kabla ya kushika jembe.